Mboji ni Suala la Haki

Wapo waamini wanaotuuliza: Haki na Amani inahusikaje na samadi na mabua? Je, kazi yenu si kuwatetea wanaoonewa? Tunajibu kwamba ndiyo, na katika Masieda mtu aweza kuonewa kwa njia ya udongo wake pasipo yeyote kumnyoshea mkono.

Tazameni yanayotendeka baada ya mavuno. Mwenye ekari mbili asiye na ng'ombe huyauza mabua yake kwa mwenye kundi. Ng'ombe huingia, hushiba, na jioni hurudi zizini kwa tajiri wakiwa wamebeba tumboni rutuba ya shamba la maskini. Samadi hubaki huko. Baada ya miaka michache mahindi yanaota ya manjano, na mwenye shamba anakopa fedha za mfuko wa mbolea kwa ahadi ya kulipa kwa magunia wakati wa mavuno, yaani wakati bei iko chini kabisa. Asiyeuza mabua huyachoma, eti shamba liwe safi! Usafi huo una gharama, kwa maana sehemu kubwa ya chakula cha mimea hupanda na moshi.

Hatusemi kwamba mbolea ya dukani ni haramu. Ruzuku iliyozinduliwa Mbeya mwezi Agosti 2022 iliwapunguzia wakulima mzigo, na fosfati ya Minjingu huchimbwa humu humu mkoani Manyara. Lakini urea hutengenezwa hasa kwa gesi asilia, na bei yake huamuliwa mbali na sisi. Vita ya Ukraine ilipopamba moto Februari 2022, bei iliyokwisha kupanda ikazidi kupanda, na mkulima wa huku ambaye hakugombana na mtu akatozwa. Tena urea hulisha mmea tu. Haiufanyi udongo ushike maji. Katika nchi yenye mvua haba kama yetu, upungufu huo si mdogo.

Wengine hudai kuwa mboji ni kilimo cha kimaskini kilicholetwa na wafadhili. La hasha! Huko Mama Isara, Kainam na kandokando yake, wazee wa Kiiraqw walilima miteremko ile ile vizazi kwa vizazi, ng'ombe wakilala ndani ya nyumba na samadi ikibebwa hadi shambani. Mwenye ng'ombe wengi aliwaweka baadhi yao kwa jirani, na jirani akapata maziwa pamoja na samadi. Walioshuka kutafuta mashamba mapana walichukua jembe la kukokotwa, lakini wengi waliiacha nyuma desturi ile. Leo wako wanaomuuzia jirani samadi iliyotokana na mabua ya jirani huyo huyo.

Anayeanza asitishwe na maneno ya kitaalamu. Kwa kuwa kwetu ni kukavu, shimo lafaa kuliko biwi. Lichimbwe kivulini, mbali na mkondo wa maji, lenye upana wa hatua moja na nusu na kina kisichozidi kiuno. Chini yawekwe mabua yaliyokatwakatwa, kimo cha shibiri moja. Juu yake majani mabichi, kisha samadi ya vidole vinne, udongo kidogo wa juu na konzi ya majivu. Mwenye unga wa fosfati ya Minjingu aunyunyize hapo. Kila tabaka lilowanishwe, na mpango urudiwe hadi shimo lijae, ndipo lifunikwe kwa nyasi. Mabua matupu bila majani mabichi wala samadi yaweza kukaa mwaka mzima bila kuoza. Plastiki, mimea yenye ugonjwa na magugu yenye mbegu yasiingie.

Chomekeni kijiti kirefu katikati. Baada ya siku tano kichomolewe: kikiwa cha moto na chenye unyevu, mambo ni mazuri, kikiwa kikavu, ongezeni maji, kikinuka uozo, hewa imekosekana, hivyo geuzeni upesi. Kwa kawaida hugeuzwa baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Shimo lililojazwa Julai huwa na mboji nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni, kabla ya kupanda.

Lakini nani atachota maji? Hapa hatuna budi kusema kwa ukali. Baba anayeamuru shimo lijazwe, akamwachia mkewe ndoo, samadi na kugeuza, kisha akauza mahindi peke yake, amegundua tu njia mpya ya unyonyaji. Maji yaliyooshea vyombo yatumike kwanza. Yakipungua, baba naye abebe ndoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na anayeirutubisha ardhi asifanywe kibarua juu yake.

Iko dhuluma nyingine isiyosemwa. Mboji hufanya kazi kwa misimu kadhaa, bali mashamba mengi hukodishwa kwa msimu mmoja. Mpangaji hulisha udongo, mahindi yanastawi, mwenye shamba analitaka shamba lake. Nani mwenye akili atarudia kosa hilo?

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wasimamie mambo haya kabla ya Julai. Anayekodi shamba aandikiwe misimu isiyopungua mitatu, mbele ya serikali ya kijiji. Anayeuza mabua adai ng'ombe walale shambani mwake siku walizopatana. Na kila jumuiya ichimbe shimo la kwanza kwa mjane asiye na mifugo, wenye makundi wakileta samadi bila malipo.