Nusu Saa Isiyoonekana kwenye Mfumo

Bibi mmoja alipanda kutoka Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, hadi kliniki ya shinikizo la damu niliyokuwa nikihudumu mjini Sumbawanga. Ni safari ya kukwea ukuta mrefu wa bonde, na nauli yake si ya kubezwa. Muuguzi alipima, akakuta presha iko juu vilevile kama mwezi uliotangulia. Badala ya kumwelekeza dirisha la dawa, alimwuliza, "Bibi, hebu nieleze unavyomeza vidonge hivi."

"Mjukuu wangu," akajibu, "kichwa kikiacha kuuma, nami naacha. Dawa ni ya mgonjwa."

Mazungumzo yalichukua nusu saa. Jioni, katika hesabu ya zamu, nusu saa hiyo ilisomeka: mgonjwa mmoja.

Tangu mwaka wa fedha 2023/2024 sisi watumishi wa umma tunapimwa kwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi ya OPRAS iliyoanza mwaka 2004. Sina kinyongo na mabadiliko hayo. Wa rika langu wanakumbuka fomu za OPRAS zilivyojazwa dakika za mwisho, nyingine zikinakiliwa kutoka za mwaka uliopita (kosa hilo nami nimelifanya). Sasa mtumishi huingiza majukumu yake na hatua aliyofikia, na msimamizi humtathmini bila kungoja mwisho wa mwaka. Mvivu hukosa pa kujificha, na hilo ni jema kwa mgonjwa.

Hofu yangu ni kwamba kinachohesabika kwa urahisi huanza kudhaniwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mtumishi akijua atapimwa kwa idadi ya waliopita mezani pake, atajifunza kuwapitisha. Rejesta itajaa, vidonge vitatolewa, na bibi wa Muze ataletwa siku moja akiwa amepooza upande.

Wakulima wa Ufipa wanalielewa jambo hili kuliko sisi wenye kompyuta. Katika kilimo cha ntumba hufukia majani chini ya udongo uliopinduliwa, wakafanya vilima vya mviringo, wakayaacha yaoze. Msimu unaofuata vilima husambazwa na ulezi kupandwa. Mkaguzi atakayefika kuhesabu debe za ulezi majani yakiwa bado yanaoza ataandika kwamba mkulima hakufanya kazi.

Sipendekezi mfumo ufutwe. Majukumu hujadiliwa kati ya mtumishi na msimamizi wake, na hapo ndipo pa kurekebisha. Badala ya "kuhudumia wagonjwa 40 kwa siku," na iandikwe ni wangapi wamerudi kwa tarehe waliyopangiwa, na wangapi presha yao imeshuka. Taarifa hizo zimo katika kadi na rejesta zetu. Nakiri kwamba nusu saa ya bibi ilitoka kwa watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi, na manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Basi upungufu wa watumishi nao uandikwe katika tathmini, usifichwe nyuma ya bidii ya muuguzi mmoja.

Nawe uliye kwenye benchi, usiondoke kabla hujaeleza, kwa maneno yako mwenyewe, utakavyomeza dawa.

Bibi alirudi mwezi uliofuata. Presha ilikuwa bado juu kidogo, ila vidonge vilikuwa vimeisha siku ileile vilipotakiwa kuisha.