Uwezekano si ushahidi

Ndugu Waislamu, mwezi Februari 2001 gazeti la USA Today la Marekani lilidai kuwa wafuasi wa Osama bin Laden huficha maagizo ndani ya picha za intaneti.

Elimu ya kuficha ujumbe ipo, wala hatuikanushi. Mwaka 1997 Craig Rowland alionesha jinsi herufi zinavyoweza kupitishwa kwa siri katika namba zinazotangulia kila pakiti ya data. Lakini kuwezekana kwa jambo si ushahidi kuwa limetendeka. Niels Provos na Peter Honeyman wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza picha zaidi ya milioni 2 za mtandaoni, wasipate hata ujumbe mmoja uliofichwa. Mwaka 2004 mwandishi wa habari ile, Jack Kelley, alijiuzulu. Gazeti lake likatangaza kuwa alibuni sehemu za habari zake nyingine kubwa.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha habari tunazoletewa. Amri hiyo inatuhusu sisi pia. Tunaochukia kudhaniwa vibaya bila ushahidi, tusisambaze kwa simu zetu tuhuma tusizozihakiki dhidi ya masheikh na majirani zetu.

Wabillahi tawfiq.