Msuli wa Kwenye Kamera

Mrembo mmoja wa TikTok, mwanachuo wa mwaka wa pili hapa Dar, wiki nzima kabla ya UE alikuwa anakwenda laivu usiku. Taa ya duara, kahawa, madesa yamepigwa rangi tatu, kamuziki kwa mbali. Mashabiki wanamwaga maua: "Dada unapiga msuli!" Matokeo yametoka, sup tatu. Sasa kwenye komenti ni vita, wengine wanacheka, wengine eti mhadhiri ana wivu. Wivu upi, wakati karatasi ina namba tu, haina jina?

Na mvivu sio. Dada wa watu alikesha kweli. Ila alikuwa anasoma kilekile, tena na tena. Desa ukilipitia mara ya tano linateleza tu, macho yameshalizoea, kichwa kinadhani kimeelewa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapima wanachuo kwa hilo. Waliorudia kusoma tu waliongoza dakika 5 baadaye. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, wakati waliosoma kipindi kimoja na kujipima vitatu walikumbuka 61. Na wale wa kurudia ndio waliokuwa wanajiamini zaidi!

Kwa hiyo dawa ni kufunga desa. Karatasi tupu, andika unachokumbuka, halafu fungua uone ulipopwaya. Mtihani wa mwaka jana ufanye kwa saa, bila kuchungulia. Kesho rudia, na baada ya siku tatu rudia tena. Kwenye video hainogi, maana dakika kumi za kwanza ni mtu anakodolea karatasi. Nani atatuma maua?

Wanaofuatilia zile laivu watamkumbuka yule rumeti aliyekuwa anaonekana nyuma, kageukia ukuta, anaongea peke yake. Komenti zilimnanga sana, "huyo chizi nani?" Alikuwa anaufundisha ukuta somo, desa likiwa limefungwa. Kapita masomo yote.

Sup ni mwezi ujao, na zikigoma hapo habari ni kucarry au kudisco kabisa, mkopo nao kwaheri. Juzi usiku mrembo karudi laivu. Taa ileile, kahawa ileile. Kalamu za rangi sasa ni nne.