Maharagwe ya Watoto

Katika mji wetu wa Kisangani kuna maneno matatu ya Kilingala ambayo hakuna asiyeyajua: madesu ya bana. Maana yake ni maharagwe ya watoto. Mtu mwenye muhuri mkononi, akitaka fedha isiyo haki yake, hasemi, “Nipe rushwa.” Haya ingemshika. Husema kwa upole, “Na watoto wangu, je, hawatapata maharagwe?” Mwingine huomba matabishi. Basi mwenye mzigo hutia mkono mfukoni, karatasi hupigwa muhuri, na mzigo hupita.

Mimi siyapendi maneno hayo. Uongo mwingi huvaa kanzu nzuri, lakini huu umevaa nguo ya mtoto. Leo nataka kuwaeleza habari za kijana mmoja wa nchi yetu aliyeyakataa maharagwe hayo, na kwa nini nadhani habari zake zawafaa ninyi wa mwaka wa sita kama zinavyowafaa wakubwa.

Nyote mnamjua Mwenye Heri Anuarite. Alizaliwa Wamba, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa maasi ya Simba. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri pale Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Ukiwauliza watoto, “Uaminifu ni nini?” hujibu mara moja, “Ni kufa kama Anuarite.” Jibu hilo ni jema, lakini lina hatari yake. Mtoto hudhani kwamba uaminifu hungoja siku ya askari na silaha. Na kwa kuwa siku hiyo haiji, hujihesabu mwaminifu bila kufanya lolote. Kumbe Anuarite alikuwa ametunza sakristia na kufundisha watoto wadogo kabla ya usiku ule. Huko ndiko alikozoea.

Sasa msikilizeni huyu mwingine. Floribert Bwana Chui Bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria. Alisali pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio, na pamoja nao aliwasaidia watoto wa njiani, wale wasio na nyumba wala shule. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayopima bidhaa, ile iitwayo OCC, mpakani mwa Goma na Rwanda. Kazi yake ilikuwa kutazama vyakula viingiavyo: hiki kizuri, kipite, hiki kimeharibika, kisipite.

Siku moja ukaja mchele ulioharibika. Wenyewe walitaka upite. Walimtolea fedha, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Alimwendea sista mmoja aliye mganga, akamwuliza chakula kama kile kingewafanyia nini watu wakikila. Napenda sana jambo hilo. Hakutosheka kusema, “Mimi ni Mkristo, sitaki fedha yenu.” Alitaka kujua hasara ni ya nani. Aliposikia jibu hakuuachia mchele ule upite. Mwezi wa Julai 2007 watu walimkamata, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka 26.

Tarehe 2 Februari 2023 Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana waliojaa uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri, mfiadini. Sikukuu ilifanyika Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo, kwani Goma ilikuwa tangu Januari ya mwaka ule mikononi mwa M23.

Angalieni neno moja. Hakuna aliyemwambia Floribert, “Mkane Yezu.” Hakuna aliyemwambia aache kusali au kupokea Komunyo. Angeweza kupokea ile fedha na Jumapili akakaa kanisani katika kiti chake kile kile, asitambuliwe na mtu. Walimwomba muhuri tu. Na Kanisa limesema kwamba yule aliyeuawa kwa sababu ya muhuri alikufa kwa ajili ya imani. Wako watu wanaoona ajabu. Mimi sioni ajabu. Sijui mahali gani pengine imani ya mtu wa ofisi ingekaa, kama si katika muhuri wake.

Wengine husema, “Lakini alipata faida gani? Yeye yu kaburini, na wala rushwa wangali wanakula.” Neno hilo nimelisikia hata kwa watu wa misa ya kwanza. Haya, tuhesabu. Mchele ule ungepimwa sokoni kopo kwa kopo. Mama asingejua. Angeupika jioni, na mdogo kuliko wote angekula kwanza. Hao ambao hawakuula hawajijui. Hawawezi kuja kushukuru, kwa sababu hakuna ajuaye tumbo lipi liliponywa. Yamkini baadhi yao ni watu wazima sasa, nao pia huomba maharagwe ya watoto penye vizuizi vya njia. Mtu mwaminifu mara nyingi huwafanyia wema watu ambao hatawaona kamwe, na hiyo ndiyo sababu watu wengi huuona uaminifu kama kazi ya bure.

Sasa tutoke Goma, turudi kwetu. Ninyi hamna muhuri. Lakini ufikapo mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, hutokea mzazi akamwita mtoto wake faraghani na kumpa bahasha. “Mpelekee mwalimu. Usiifungue.” Mtoto hajui afanye nini. Amri ya nne yamwambia amheshimu babaye. Amri ya saba na ya nane zamwambia kitu kingine. Bahasha ni nyepesi, lakini njia ya shule huwa ndefu asubuhi ile.

Katika seminari tulifundishwa kumtenga atendaye ovu na yule anayelisaidia, na kumtenga ajuaye na asiyejua. Mtoto aliyetumwa bila kujua hana kosa. Mtoto anayejua, akaogopa fimbo, kosa lake ni dogo, na kubwa ni la aliyemtuma. Lakini dogo si sawa na hakuna. Na kumheshimu baba si kumsaidia atende ovu. Mtoto ampokee bahasha kwa mikono miwili na kumrudishia kwa mikono miwili, akisema, “Baba, nisamehe. Nimesoma. Naomba uniache nijaribu mwenyewe.” Asimhubirie baba yake, mtoto anayemhubiria baba yake hupata kofi, na pengine lamstahili.

Baba atajibu kwamba wote hufanya hivyo. Atataja kifungu cha 15, yaani jitafutie mwenyewe, kifungu ambacho hakimo katika sheria yoyote bali katika mzaha wa watu. Mimi siwacheki wazazi hao. Najua walimu waliokaa miezi bila mshahara, na najua mama anayeuza mihogo tangu alfajiri ili mtoto avae sare. Njaa ni njaa. Anayepokea franka chache kwa sababu nyumbani hakuna kitu si sawa na yule anayeleta magunia ya chakula kilichooza. Hata hivyo wote wawili hupita mlango mmoja, na kila anayepita huuacha wazi kwa anayemfuata. Mwanafunzi aliyenunuliwa cheti leo, kesho ni muuguzi asiyejua kusoma kipimo cha dawa. Mgonjwa wake naye atakuwa mtoto wa mtu.

Mtauliza, “Bruda, na kama wenye bahasha wakipita, nami nikashindwa?” Yaweza kutokea. Sitawadanganya. Basi utarudia mwaka, na wenzako watakucheka njiani hata ufike nyumbani, nayo itakuuma. Padri hatakutangazia sifa kanisani, kwa sababu hatajua.

Kama mtoto anaogopa kusema na baba yake peke yake, aende kwanza kwa katekista, au kwa mwalimu anayemwamini. Waende pamoja jioni, baba akiisha kula.