Elimu Inapoingia Sokoni: Nani Kafungua Mlango, na Mzee Asimame Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake.



Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, alinijia mama mmoja kutoka Pemba. Mumewe kafariki, kamuachia kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita na wasichana wawili wadogo. Mkononi ana simu, na ndani ya simu mna barua ya kumkubali kijana katika chuo cha nchi ya mbali, iliyoletwa na wakala. Malipo ya mwanzo yanatakiwa ndani ya siku kumi na nne. Akaniuliza: "Sheikh, shamba la mikarafuu aliloacha marehemu nikiliuza nikamsomeshea huyu, nitakuwa na dhambi?"

Suali lake ni la mirathi na nitalijibu mwisho. Lakini nyuma yake mna suali jengine ambalo tunalisikia mabarazani na hata kwenye mimbari: imekuwaje elimu ikawa kitu cha kutangazwa kama tiketi ya ndege? Wengine wanasema Shirika la Biashara Duniani limetununua. Tusiseme tusilolijua. Tulitazame jambo lenyewe.

Shirika hilo, WTO, lilianza kazi tarehe 1 Januari 1995, na Tanzania ni mwanachama tangu siku hiyo. Miongoni mwa mikataba yake umo mkataba wa jumla wa biashara ya huduma, unaojulikana kwa jina la GATS. Mkataba huu unahesabu elimu kuwa huduma inayoweza kuuzwa baina ya nchi, kuanzia skuli ya msingi hadi chuo kikuu na elimu ya watu wazima.

Unataja njia nne, na zote mnazijua bila ya kuzijua kwa majina. Ya kwanza, huduma inavuka mpaka peke yake: kijana yuko Wete anasoma kwa intaneti chuo cha Malaysia. Ya pili, mnunuzi anasafiri: mtoto anakwenda kusoma India, Sudan au Uturuki. Ya tatu, muuzaji anakuja na kufungua tawi kwetu. Ya nne, mwalimu mwenyewe anasafiri kuja kufundisha kwa muda.

Kusafiri kwa ajili ya ilimu si jambo geni visiwani. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija na kadhi wa Unguja, aliyefariki mwaka 1925, alivuka bahari mara nyingi kutafuta ilimu kabla ya kuwa marejeo ya wengine. Kilicho kipya ni kuwa safari hiyo sasa imeandikiwa mkataba wa kibiashara baina ya serikali.

Jee, Tanzania iliahidi nini? Hapa wengi wanakosea. Chini ya GATS kila nchi inaandika yenyewe orodha ya milango inayofungua. Tanzania iliandika utalii tu, tena hoteli za nyota nne na kuendelea. Elimu haimo. Katika Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Kigali mwaka 2018, huduma tano zilizotangulizwa ni za biashara na taaluma, mawasiliano, fedha, usafiri na utalii. Humo pia elimu haikutangulizwa.

Mlango tuliokubali kuufungua kwa maandishi uko karibu zaidi: Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo ina sekta saba za huduma, na elimu ni moja wapo. Mengine tumeyafungua wenyewe kwa sheria na sera zetu, bila ya kulazimishwa na Geneva.

Na si kila kilichoingia ni shari. Mwaka 1998 vilianza vyuo vikuu viwili vyenye mkono wa nje: cha Chukwani, kilichojengwa na ndugu zetu wa Kuwait na leo kinaitwa kwa jina la Dkt. Abdulrahman Al-Sumait, na Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, kilichoasisiwa na Darul Iman. Chuo chetu cha taifa, SUZA, kilikuja baada yao. Mwaka 2023 IIT Madras ya India ilifungua kampasi Bweleo, ya kwanza ya vyuo vya IIT kuwa nje ya India. Mtoto wa Fuoni anaweza kusoma sayansi ya data na kurudi nyumbani kulala. Hiyo ni neema, na neema hushukuriwa.

Basi khofu iko wapi? Iko katika uzito wa ahadi. Tazameni Hungary. Nchi hiyo iliweka elimu ya juu katika ahadi zake za GATS. Mwaka 2017 ikabadilisha sheria na kuweka masharti mapya kwa vyuo vya kigeni, na Central European University kikahamishia masomo yake Vienna. Tarehe 6 Oktoba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikahukumu kuwa Hungary ilivunja, pamoja na mengine, ahadi zake za GATS. Mimi sisemi nani alikuwa mbora katika ugomvi ule. Ninachosema ni kuwa nchi ikishaahidi, hata Bunge lake haliwezi kubadilisha sheria bila ya kuulizwa. Na anayetaka kuiondoa ahadi ya GATS anatakiwa asubiri miaka mitatu, kisha ajadiliane fidia na wanaoathirika.

Sisi Waislamu hatushangai, kwani Suratul Maida inafunguka kwa kutuamrisha kutimiza mikataba. Ndiyo maana mwenye akili hupima kabla ya kufunga mkataba.

Upo msamaha katika GATS kwa huduma zinazotolewa kwa mamlaka ya serikali, lakini kwa sharti kuwa huduma hiyo isiwe ya kibiashara wala isishindane na watoaji wengine. Sasa tizama hali yetu. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Leo karibu na skuli ya serikali ipo ya binafsi, na vyuo vya umma navyo vinatoza ada. Siku tukiiandika elimu katika orodha ile, wanasheria watapata la kubishania: skuli zetu ziko ndani ya msamaha au nje?

Na jambo hili lina uzito wa pekee kwetu visiwani. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na biashara ya nchi za nje vile vile. Skuli za msingi na sekondari si za Muungano. Kwa hivyo saini inaweza kutiwa kwengine juu ya jambo ambalo mzigo wake unabebwa hapa. Wawakilishi wetu waulize mapema: elimu imeandikwa wapi, kwa masharti gani, na nani kashauriwa?

Ama upande wa dini, kutoza ada si haramu. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamejuzisha ujira hata wa kufundisha Qur-ani, na ipo hadithi sahihi ya Ibn Abbas katika Bukhari inayotegemewa. Lakini Imam Ghazali ameziweka tiba na hisabu katika fardhi kifaya. Maana yake, mji usipokuwa na daktari wala mjuzi wa hisabu, dhambi ni yetu sote. Soko humhudumia mwenye kulipa, na fardhi kifaya haiondoki kwa kumuachia muuzaji. Wazee wetu waliiondoa kwa wakfu. Nizamiyya ya Baghdad ilisimama kwa wakfu. Wenye nyumba na viwanja Mjini wajiulize: wangapi kati yetu wameandika wakfu kwa ajili ya ada za mayatima?

Kwa wazazi nina nasaha nne. Kwanza, kabla ya kulipa hata senti, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa nchini. Pili, pigeni hesabu ya miaka yote pamoja na chakula, malazi na nauli, si ya mwaka wa kwanza tu. Tatu, takeni kwa maandishi masharti ya kurejeshewa pesa. Nne, jiepusheni na mkopo wa riba. Haraka ya wakala isiwe haraka yenu.

Sasa nirudi kwa yule mama. Nilimwambia: "Mama, wewe una thumni yako, na kijana wako ana fungu lake. Hayo ni yenu, mkiridhia uzeni. Lakini fungu la wasichana, ambalo linakaribia nusu ya shamba, si lako wala si la kaka yao. Mali ya yatima haiuzwi kwa maslahi ya mwengine, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Na wao pia watataka kusoma."

Akanyamaza, kisha akasema, "Basi siku kumi na nne zitapita." Nikamwambia zipite. Tuandike kwanza TCU, tutizame na vyuo vya hapa. Kijana ameshajaza fomu mbili, na mikarafuu bado imesimama.

Allah atujaalie ilimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awaongoze wanaotia saini kwa niaba yetu. Amin.

Wallahu aalam.