Kikombe cha Mmoja, Jasho la Wengi

Kila mashindano ya kandanda ya skuli na vyuo yanapomalizika, hapa kwetu Miritini kama kwengineko, kikombe cha mchezaji bora humwendea mfungaji mabao. Nami nauliza: je, aliyelinda lango?

Kasoro hii si yetu peke yetu. Marekani wana tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vikuu katika kandanda yao ya kukimbia na mpira mkononi. Ilianza mwaka 1935, na karibu washindi wote ni wapiga pasi na wakimbiza mpira. Charles Woodson wa Michigan, mwaka 1997, ndiye wa kwanza kuitwaa ambaye kazi yake hasa ilikuwa kulinda. Travis Hunter wa Colorado, mshindi wa 2024, alicheza pande zote mbili.

Hali Kenya tunajua thamani ya mlinzi. Tulipolichukua Kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983, golikipa Mahmoud Abbas alisifiwa hata akaitwa "Kenya One".

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. Kijana anayetafuta nafasi ya chuo kwa mchezo wake huulizwa ameshinda nini, na beki hana cha kuonyesha. Walimu na wafadhili, igaweni tuzo: golikipa, beki, kiungo na mfungaji. Haki ni kumpa kila mtu stahili yake, na kidole kimoja hakivunji chawa.