Je, Bangi Huondoa Wasiwasi?

Baadhi yenu akina mama mmetuuliza: "Kijana wangu nikimkanya kuhusu bangi, hunijibu kuwa inamtuliza mawazo. Je, ni kweli?"

Ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayomponza.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Hiyo ndiyo kengele yetu ya hatari. Mwili wenyewe hutengeneza kemikali za kuituliza. Moja yake, anandamaidi, iligunduliwa mwaka 1992 na watafiti wa Yerusalemu. Huingia kwenye chembe za ubongo kama ufunguo kwenye kufuli, hufanya kazi yake, kisha huvunjwa upesi.

Kemikali ya bangi iitwayo THC huingia katika makufuli hayo hayo, lakini huenea kila mahali na hukawia kutoka. Ikiwa kidogo, huweza kutuliza. Ikizidi, kengele hulia bila hatari yoyote: moyo huenda mbio, jasho humtoka mtu, akawashuku hata ndugu zake.

Mwaka 2017 watafiti wa Chicago waliwapa watu wenye afya vidonge vya THC kabla ya kuwapa jaribio la kuongea mbele ya watu. Waliopewa miligramu 7.5 walipata nafuu, waliopewa 12.5 walizidi kufadhaika. Tofauti ni miligramu 5 tu! Nani mtaani apimaye msokoto?

Kemikali nyingine ya bangi, CBD, hailevyi, na baadhi ya majaribio yameonyesha kuwa hupunguza wasiwasi. Lakini avutaye msokoto hawezi kuichagua hiyo na kuiacha THC.

Tena, kwa mvutaji wa kila siku makufuli hayo hupungua. Akikosa bangi hukasirika, hukosa usingizi, na wasiwasi humrudia. Huvuta tena, akidhani anajitibu. Habari njema ni kwamba akiacha, makufuli hurejea baada ya wiki nne hivi.

Basi mama, usimpige wala usimfukuze. Chagua saa ya utulivu, umwulize: "Mwanangu, unaogopa nini?" Huenda ni mtihani, kukosa kazi, au msiba ambao hakuulilia. Wasiwasi una tiba, mfuatane hospitali. Akianza kusikia sauti zisizokuwapo, au kusema atajidhuru, msingoje kesho.